Gauni Lililofumuliwa Mara Tatu

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua zuri la kuanikia nguo, na mama mdogo wangu hakuwa na la kufanya. Nalitaja hilo makusudi, maana tangu nimjue hakuwahi kukosa la kufanya. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi cherehani wa magauni ya harusi. Alivalisha mabibi harusi wa mtaa mzima huku yeye akifika arobaini bila mume, na dada zake, mama yangu akiwa wa kwanza, hawakumwachia nafasi ya kupumua. "Mchagua nazi hupata koroma," walimwambia. Yeye akajibu, "Koroma nalo lina maji," akaendelea kukanyaga cherehani.

Koroma lenyewe lilikuja na suruali mkononi, likitaka ipanuliwe kiunoni. Alikuwa mpima ardhi, mtu mpole, msafi wa kucha, mwenye maneno ya kuhesabika. Alisema hajawahi kuoa kwa sababu kazi ya porini haimpi mtu nafasi. Sisi tulifurahi mno hata hatukuuliza la pili. Mimi ni mbishi wa kuzaliwa, naweza kubishana na kioo, na siku ile nilikaa kimya nikala keki.

Mafundi wa magauni ya harusi wana mwiko wao: hawajishonei la kwao. Kwa hiyo mpima ardhi alileta gauni mwenyewe, kwenye boksi, akasema amelishonesha kwa fundi wa mbali kwa kukadiria kwa jicho. Lilimkaa mama mdogo kama ngozi yake. Fundi yeyote akipewa nguo, kitu cha kwanza anaipindua, kwa sababu nyumba njema si mlango. Mama mdogo hakulipindua. Aliona aibu kuonekana anakagua zawadi ya mchumba, na kwa fundi wa miaka kumi na tisa kosa hilo halina jina.

Baada ya harusi alihamia kwa mumewe, safari ya saa tatu kutoka kwetu. Cherehani alikatazwa kuja nayo. "Umeshona vya kutosha, sasa pumzika," mumewe alimwambia, na sisi tukasema huo ndio upendo. Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara, ina ukuta mrefu uliomfanya awajue majirani kwa sauti za ndoo zao tu. Mume akienda porini hukaa siku tisa, mara nyingine kumi na mbili. Mama mdogo akaanza kuzungumza na redio. Aliniambia kwamba kabla ya kuizima alikuwa anaiaga, nami nikacheka, na kicheko kile bado kinaniuma.

Basi Jumanne hiyo, mwezi wa nane wa ndoa, akatoa nguo za kabatini azianike. Gauni likafuata. Na kwa kuwa nguo ya hariri haianikwi uso juani, akalipindua.

Akaketi kitandani.

Mshono ukifumuliwa huacha matundu ya sindano, na kwa fundi matundu hayo ni maandishi. Pembeni, kwenye kitambaa cha ziada kinachofichwa ndani ya mshono, alihesabu mistari minne ya cherehani. Mstari wa ndani kabisa ulikuwa wa mwanamke mwembamba. Nje yake wa aliyemzidi. Nje yake wa tatu, mwenye nyonga pana. Wa nje kabisa ulikuwa wake yeye. Gauni lilikuwa limeshonwa mara moja na kufumuliwa mara tatu.

Lakini kilichomkausha mate ni vijistari vidogo. Baada ya kila mstari wa cherehani palikuwa na mishono ya mkono, nusu kidole kwa nusu kidole, ikirudi ndani. Kila mwanamke aliyefuata alikuwa amepunguziwa gauni, kidogo kidogo, mpaka mstari ule wa kwanza. Vipande vya uzi vilivyobaki vilikuwa vimelala upande usiozoeleka. Aliyeshona alitumia mkono wa kushoto.

Akautazama tena mstari wake. Matundu matupu. Ulikuwa umekwisha kufumuliwa, na gauni likashikwa na mishono ya mkono, ndani zaidi kwa vidole viwili.

Akalivaa. Lilimkaa sawasawa.

Alinipigia simu. Nilimsikiliza, na ubishi wangu ukanirudia wakati usiofaa. "Ma'mdogo, huyo mumeo bahili tu, kanunua mtumba. Na wewe umepungua kwa sababu huli. Nani ana hamu ya kula peke yake?"

"Labda," akasema. Kisha akanong'ona, "Ila kuufikia mstari wa kwanza kumebaki vidole vinne tu."

Jumatano gauni lilikuwa limeingia nusu kidole. Alikuwa amefunga kabati, na ufunguo alikuwa nao kifuani. Akalivaa tena. Lilimkaa. Pete ya ndoa ikamtoka kidoleni akinawa mikono, ikazunguka kwenye beseni, na yeye akaiangalia tu.

Alhamisi akaamua kuvizia. Saa nane mchana, jua limejaa chumbani, redio imezimwa. Akalilaza gauni mapajani na kulishika kwa mikono yote miwili. Hakuna kilichotokea. Ndoo ya jirani ililia. Kisha, karibu na sikio lake, akasikia sauti aliyoijua kuliko jina lake: uzi unakatwa kwa meno.

"Simama wima," mtu akanong'ona.

Alisimama. Aliniambia mwenyewe hakujua kwa nini alitii. Nadhani alitii kwa sababu hiyo ndiyo sauti ya fundi, na yeye ameitumia kwa watu maisha yake yote. Vidole baridi vikapita kiunoni. Vilipima. Havikumuumiza. Vilipofika mbavuni vikatulia, vikatetemeka kidogo, kama vya mtu aliyejua anachofanya na hakupenda.

"Nani wewe?"

Alipotazama gauni mikononi mwake, lilikuwa limeingia kidole kizima.

Mume alirudi Ijumaa asubuhi, kabla ya siku zake. Alimkuta mkewe mezani, gauni liko mbele yake, limepinduliwa. Hakusalimia. Akaweka begi chini taratibu.

"Umelipindua," akasema kwa sauti ndogo.

"Walikuwa watatu kabla yangu."

Alikaa. Alikubali haraka kuliko alivyotegemea mkewe, kama mtu aliyechoka kubeba. Mke wa kwanza alikuwa fundi. Gauni alilishona mwenyewe, akauvunja mwiko. Mwaka wa pili wa ndoa akaanza kuugua, akawa anakonda, na kila akikonda alilipunguza gauni kwa mkono wake wa kushoto, kitandani, maana alitaka azikwe nalo likiwa limemkaa.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Porini."

"Ungeweza kurudi?"

Akatazama kucha zake. "Kazi ilikwisha mapema. Niliongeza wiki tatu. Sikuweza kumtazama. Nilipofika alikuwa amefariki siku nyingi, peke yake, na nikaogopa kumvisha. Nikamzika bila gauni." Kisha, akasimulia, akaanza kukonda yeye mwenyewe. Suruali zikamvuka. Vidole vikampima mchana kweupe. Mganga mmoja akamwambia gauni linataka mwili wa mtu, halichagui wa nani. "Nikaoa. Alipolivaa yule, mimi nikapona. Alipofariki, nikaoa tena."

Mama mdogo hakulia. Alisema kitu kimoja tu. "Kwa hiyo ulinipenda kiuno."

"Ilikuwa wewe au mimi," akanong'ona, na aliomba asamehewe, na inawezekana aliomba kweli. Kisha akaoga, akavaa shati safi, akaenda ofisini kupeleka ramani zake. Geti akalifunga kwa nje.

Mama mdogo akabaki peke yake, na vidole kama viwili vya kuishi. Hapo ndipo ufundi ukamrudia. Kipimo cha mumewe alikuwa nacho kichwani tangu siku ile ya suruali na ya shati lake la harusi: kiuno thelathini na nane, kifua arobaini na moja. Fundi husahau majina, hasahau vipimo. Mkasi ulikuwa wa jikoni. Sindano ilikuwa moja, ya kushonea vifungo. Akafumua gauni lote pembeni, akachana shati la mumewe la harusi, lile jeupe, akaanza kuliunga ubavuni ili lipanuke.

Kwa sindano moja kazi ile ingemaliza siku mbili. Aliogopa sana. Uzi ukagoma kuingia tunduni. Akafunga macho akashusha pumzi. Alipoyafungua, kando ya goti lake palikuwa na sindano ya pili, imekwisha kutungwa uzi.

Akaishika, akashona. Uzi ulipoisha, nyingine ilikuwa tayari. Ubavu wa kulia alishona yeye. Alipogeuza nguo aanze wa kushoto, ulikuwa umekwisha, na mishono imelala upande ule usiozoeleka. Hawakusemezana. Saa tisa gauni lilikuwa na kiuno thelathini na nane na kifua arobaini na moja, na likarudi kabatini. Mama mdogo akapanda juu ya tangi la maji, akaruka ukuta kwa mwili ambao sasa ulikuwa mwepesi mno, akatembea mpaka stendi.

Alifika kwetu magharibi. Mama alimfungulia mlango akamuuliza, "Unamtafuta nani?"

Tulimlisha. Wiki ya kwanza hakuongezeka, ila hakupungua. Ya pili, pete ilimkaa. Mumewe hakupiga simu wala hakuja. Mwezi ulipopita watu wa ofisini kwake wakatuuliza kama tunajua alipo, ndipo tukaenda, mimi, mama mdogo na fundi wa kufuli.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Vumbi limetanda. Umeme ulikatwa tangu wiki ya kwanza, friji ikanuka. Mtu hakuwepo katika chumba hata kimoja. Kabati la gauni lilikuwa wazi na tupu.

Kitandani zilipangwa nguo zote za mume, safu moja, kutoka upande wa mlango hadi upande wa ukuta. Suruali zake. Mashati yake. Zote zimepunguzwa kwa mkono. Ya kwanza ilipungua kidogo. Ya tano ingemwenea mvulana. Niliendelea kutazama mpaka mwisho wa safu, na sikupaswa. Ya mwisho ilikuwa shati lenye kola, mifuko na vifungo sita, na lote lingeenea kiganjani mwangu. Nililigusa. Lilikuwa na moto wa pasi.

Nikamvuta mama mdogo tuondoke. Fundi wa kufuli alikuwa ameshafika barabarani. Mama mdogo hakusogea. Aliligeuza lile shati dogo ndani nje, akalisogeza dirishani, akapitisha kidole kwenye mshono polepole.

"Ma'mdogo, twende."

"Ngoja." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Miezi minane nimekaa nyumba hii," akanong'ona, "na huyu wa mkono wa kushoto ndiye mtu pekee aliyekuwa akinigusa."

Akalikunja vizuri, akalirudisha mahali pake. Mlangoni akasimama, akageukia chumba kile kitupu, akaaga.