Jina Lililookotwa Manezhini

Asubuhi ile, majina yalipoitwa, Mwenze aliitika mara mbili.

Wafanyakazi wa parki, bustani ya kando ya ziwa, walikuwa wamejipanga mbele ya bendera kama kila siku, mafagio mikononi. Chef Nkulu, mkubwa wao, akaita kama raia wote walivyoitwa, "Citoyen Mwenze!" Mwenze mlinzi akajibu, "Présent," yaani nipo. Na kule nyuma ya safu, kwenye duara la saruji ambako hapakuwa na mtu, sauti nyingine ikajibu "Présent," polepole, kama ya mtu aliyelala chini ya kitanda. Chef Nkulu akauliza nani anafanya mchezo saa za kazi. Wenzake wakacheka. Mwenze hakucheka, maana siku ile alikuwa na mafua, na ile sauti nayo ilikuwa na mafua.

Ngoja nieleze, kwa sababu mwenye kosa ni yeye na mimi simtetei. Wakati wa Wabelgiji, kando ya ziwa, nje kidogo ya Kolwezi, palikuwa na mahali pa starehe pa wazungu. Kulikuwa na mchanga ulioletwa kwa malori, boti za kukanyaga kwa miguu, bembea, na ile mashine kubwa ya kuzungusha watoto juu ya farasi wa mbao ambayo watu waliiita manezhi. Watoto wetu waliitazama kupitia waya wa uzio. Nchi ilipokuwa Zaïre waya ukakatwa, farasi wakapasuliwa kuni, maua yakapandwa, na ubao ukasimamishwa kwamba hii ni parki ya raia wote. Jambo jema kabisa. Lililobaki la zamani ni duara la saruji, na katikati yake mfuniko wa chuma juu ya shimo la mota.

Mlinzi wakati huo aliitwa Stanislas, basi. Mama yake, mtu wa Kasai, alifariki kwa kumzaa, baba hakujulikana, mapadri wakamlea. Serikali iliposema majina ya kizungu yaishe, kila mtu atafute jina la wazee wake, yeye hakuwa na mzee wa kumuuliza, na foleni kwenye ofisi ilikuwa ndefu. Juu ya mfuniko ule mtu alikuwa amechonga kwa msumari: MWENZE. Stanislas akaliona zuri, akalichukua. Hakuuliza ni la nani. Kwetu hata shuka iliyoanikwa huichukui bila kuuliza, na huyu kachukua jina. Jina la marehemu unaliomba kwa wenyewe, unawapelekea kuku, wanakupa pamoja na baraka, na tangu siku hiyo mjane wake anakuita mume wangu, kwa mzaha, lakini si mzaha sana. Hayo mapadri hawakumfundisha.

Yeye na mkewe Kabedi walikaa humo humo parkini, katika kijumba ambako zamani ziliuzwa tiketi. Jioni ya siku ile Kabedi alikunja shati la mumewe akakuta linanuka grisi.

"Lelo unatengeneza motokari?" akamtania.

"Motokari gani? Mi niko mulinzi."

Akalifua kwa sabuni, likanuka tena. Kisha ukanuka mto. Kisha zikanuka nywele za Mianda, binti yao mdogo, na juma hilo hilo Mianda akaacha kumwita baba yake tata.

"Salimia tata yako," Kabedi akamwambia.

"Tata eko kule," mtoto akasema, akaonyesha duara la saruji. "Huyu ni muntu ya ku parki."

Majirani wakasema ni utani wa watoto. Utani huo ulimchoma Stanislas. Mtu ambaye maishani hakuwahi kuwa na wa kumwita tata alikuwa na huyu mmoja tu wa kumwita yeye hivyo, na sasa mtoto huyo alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa sana. Aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kufa, na alimwambia Kabedi hivyo.

Halafu ikaja Jumapili ya mvua. Parki ilikuwa imejaa watu, wengine wamevaa vizuri kwa ajili ya picha, na mvua ilipopiga wote wakakimbia, na Kabedi akaingia ndani akamkuta mumewe ameshaketi mezani, amempa mgongo, anakula bukari, ugali wa kwetu, taratibu huku Mianda akimpangusia mdomo, Kabedi akataka kumwambia avue kwanza lile shati, na alipogeuka kuchukua kitambaa kikavu dirishani akamwona Stanislas kule nje, kofia mkononi, akija mbio kutoka upande wa ziwa, analowa, anampigia kelele afungue mlango. Alifungua. Kiti kilikuwa kitupu. Bukari lilikuwa limeliwa nusu, ukingoni mwa sahani kulikuwa na alama za vidole vya grisi, na Mianda alikuwa bado anapangusa mahali pasipo na mdomo.

Kesho yake walikwenda kwa Mwalimu Kasimu, muuza vitenge ambaye pia alifundisha Kurani, mtu wa Kasongo. Wao walisali misa, ndiyo, lakini ukiogopa huchagui mlango. Mzee akawasikiliza, akauliza swali moja tu.

"Hii jina ulitosha wapi, ulipata wapi?"

Stanislas akamwambia.

"Mwenze alikuwa mekanisien, fundi wa manezhi," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Siku ya fête, sikukuu ya bazungu, aliingia mu shimo kupakala grisi. Batoto balikuwa banalia banataka kuzunguka, muzungu moya akawasha mota, hakuuliza kama muntu eko chini. Sasa sikia. Kila muntu anazaliwaka na jini yake. Mwenyewe akikufa muzuri, jini inaenda. Akikufa vile, inabakia, inangoyea. Halafu weye unakuya, kila asubuyi unaitika jina yake. Inasema: basi, njo miye, ndiye miye huyu. Nyumba yake njo yangu, mutoto wake njo wangu."

"Tutafanya je, Mwalimu?" Kabedi akanong'ona.

"Muke wake eko Mutshatsha, Mama Bilonda. Akuye amuite. Jini itaitika, itamufwata ku kwabo. Lakini weye, tata, ukisikia ile jina, funga kinywa. Mwenye kuitika njo ataenda."

Bilonda alikuja kwa treni, kizee kidogo na furushi lake. Alimtazama Stanislas juu hadi chini. "Njo weye uliiba bwana yangu?" Stanislas akaomba radhi kwa magoti. Alimaanisha.

Wakasimama kwenye duara jua likiwa linashuka. Mwalimu akachoma ubani, akasoma. Kabedi alimshika mumewe mkono, Mianda mgongoni. Bilonda akaita, "Mwenze," na ziwa likanyamaza. Akaita tena, na chini ya mfuniko kitu kikagonga, kikakwaruza, harufu ya grisi ikapanda mpaka macho yakatoa machozi, na Kabedi akamtazama mumewe mdomoni, umefungwa, umefungwa vizuri, bado kidogo tu waokoke. Na Bilonda akavuta pumzi akaita mara ya tatu, si kwa kilio sasa, ila kwa ukali, kama mkubwa anayeita jina la mtu kazini na hataki kurudia.

"Présent," akasema Stanislas.

Chini ya mfuniko hakuna kilichojibu.

Akauachia mkono wa Kabedi. Akachukua furushi la kizee, akamuuliza kitu kwa lugha ya kwao Mutshatsha, lugha ambayo Stanislas hakuijua hata neno. Bilonda akamshika uso, akaanza kulia kwa furaha. Kabedi akamng'ang'ania shati, akamwita Stanislas, Stanislas, na yule mtu akamgeukia kwa adabu.

"Aksanti, mama," akasema. "Mulinichunga muzuri."

Mwalimu Kasimu alifunga kitabu chake na hakuweza kumtazama Kabedi. Kabedi aliwafuata hadi stesheni, akawaona wakipanda, akarudi kwa miguu na mtoto mgongoni. Kijumba kilikuwa kimetulia. Hakikunuka chochote. Akaketi gizani bila kuwasha taa, akalia hadi akachoka.

Kitu kikaburuzwa sakafuni. Ni Mianda, anavuta blanketi kuelekea mlangoni.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa tata Stanislas," mtoto akasema. "Eko analia. Anasema kule chini ya chuma kuko baridi."