Kura Nne za Mutai

Mwaka 2015, Mutai na mkewe Rael waliishi mtaa wa Al Thumama, katika nchi ya Kiarabu, kwenye nyumba moja na Wakenya na Waganda wengine saba. Vyumba vilikuwa vingi, lakini jiko la gesi lilikuwa moja. Mutai alikuwa mlinzi hotelini, zamu ya usiku. Rael alikuwa muuguzi, na kliniki yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Waliipenda sana nyumba hiyo.

Ramadhani ilipoingia, ugomvi nao ukaingia. Saa kumi na moja jioni Mutai alitaka kupika kabla ya kwenda kazini. Saa hiyo hiyo Shamira, Mganda aliyekuwa akifunga, alitaka kuandaa futari. Sufuria zikaondolewa motoni, matusi yakatoka. Mwangalizi wa nyumba akachoka.

"Ijumaa ikifika hamjapatana, mhame wote. Halas, basi!"

Rael akaogopa. Wangepata wapi chumba kingine karibu na kazi?

Wote tisa wakaamua kuchagua kiongozi wa jikoni. Mutai akapata kura nne, mwenzao Collins tatu, Shamira mbili.

"Nimeshinda!" Mutai akasema, akabandika ratiba yake ukutani. Collins akaibandua. Kelele zikazidi.

Jirani yao Joram, dereva wa mhandisi kutoka Denmark, akaja kuamulia.

"Buda, umeshinda nini? Wanne kati ya tisa?"

"Si mimi ndiye wa kwanza?"

"Denmark walipiga kura mwezi huu. Bosi wangu amenieleza garini kila siku, karibu niwe mbunge. Bunge lao lina viti 179. Chama cha waziri mkuu kilipata 47, kikawa cha kwanza. Na bado akajiuzulu."

"Akajiuzulu? Wa kwanza?"

"Chama chake na wenzake hawakufika nusu. Serikali imeundwa na chama cha tatu, chenye viti 34, peke yake."

"Hizo kura zimeibwa!" Collins akasema. Wote wakacheka.

"Hazikuibwa. Kule wanauliza: nani anapingwa na wabunge walio wengi? Huyo hawezi kutawala. Asiyepingwa na wengi anaweza, hata kama chama chake ni kidogo. Lakini asijigambe. Kwa kila sheria lazima awaombe wengine wamuunge mkono."

Rael akasimama. "Basi na sisi tuulize hivyo. Nani anampinga Mutai?"

Mikono mitano. Collins? Mikono sita. Shamira? Mikono mitatu tu.

Mutai akamgeukia mkewe. "Mama Chebet! Mkono wako uko wapi?"

"Kura nilikupa, Baba Chebet. Lakini kuhama sitaki."

Basi Shamira akawa kiongozi, kwa kura zake mbili tu. "Banange, jamani, nikiwalazimisha mtanitoa kesho," akasema. Akamfuata kila mtu, akamsikiliza. Kundi la Collins likakubali kupika baada ya magharibi. Mutai ndiye aliyekaza shingo.

"Wewe songa ugali saa kumi," Shamira akamwambia. "Mboga yako nitaipika pamoja na futari, uende nayo kazini."

Mutai akafikiri. Mboga ya kupikiwa! Akakubali.

Ijumaa mwangalizi akaja. Nyumba ilikuwa tulivu. Akamkuta Mutai jikoni akimenya vitunguu vya Shamira.

"Nani mkubwa hapa?"

"Shamira," Mutai akajibu, akifuta machozi ya vitunguu. "Mimi ni upinzani."

Rael akacheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyehama.