Mifupa ya Mpanga Herufi

Mafundi waliokuwa wakibomoa kiwanda cha kuchapa walifungua tangi la chuma lililokuwa juu ya paa, wakakuta mifupa ya mtu imejikunja kando, aproni ya turubai ingali kiunoni.

Inspekta aliyeitwa, mwanamke mfupi asiye na makeke, alipapasa mfuko wa aproni akatoa vipande vitano vya herufi za kuchapia. Wazee wa mji wakajua ni nani. Miaka thelathini na miwili nyuma, mpanga herufi wa kiwanda hicho, aliyebandikwa jina la Nukta kwa kuwa hakuwahi kusahau hata moja, alikwenda kazini asirudi. Polisi walitafuta wakachoka. Watu wakasema ametorokea kwa mwanamke mwingine, na maneno hayo yakamwandama mkewe sokoni na misibani.

"Fuvu limepasuka kisogoni," alisema daktari wa uchunguzi. "Kapigwa na kitu kizito."

Inspekta alidai daftari la matengenezo la mwaka ule. Siku moja baada ya Nukta kupotea, msimamizi wa kiwanda aliandika: "Tangi linavuja. Limefungwa kwa bolti."

Mwingine angemkamata msimamizi papo hapo. Yeye, ushahidi ulipokwisha kukusanywa, aliagiza tangi lijazwe maji na kufunikwa.

"Afande, tangi kuukuu hivi?" konstebo wake alishangaa.

"Lijaze."

Siku tatu zilipita, halikudondosha hata tone.

"Afande, wewe ni kiboko!"

Msimamizi, sasa mzee wa mkongojo, aliletwa kituoni asubuhi.

"Uliandika linavuja."

"Lilivuja."

"Wapi?"

"Chini, kwenye kiungio."

"Tumelijaza siku tatu, mzee. Halivuji, wala halina kiraka. Ulikuwa unamficha nani?"

Mkongojo ulimponyoka.

"Tulikuwa tunachapa mitihani ya taifa," alisema hatimaye. "Binti yangu alishafeli mara mbili. Nikachomoa nakala. Nukta akaniona. Akasema, 'Irudishe, bosi, yaishe. Usiporudisha, naenda polisi.' Nikakataa. Alipogeuka kuondoka, nikampiga kwa nondo ya mashine. Nikampandisha kwa lifti ya mizigo."

"Na binti?"

Mzee alifunika uso. "Aliuchana ule mtihani mbele yangu. Akafeli tena. Mwaka uliofuata akafaulu kwa jasho lake."

Inspekta alimsainisha maelezo, kisha akaenda kwa mjane. Hakutaka kutuma mtu.

"Mama, mumeo hakutoroka. Aliuawa kwa sababu alikataa wizi wa mtihani."

Mjane alikaa kitako mlangoni, akavuta pumzi ndefu. Ng'ambo ya njia, majirani watatu walikuwa wakianika nguo.

"Majirani! Njooni nyote!" akaita. "Afande, tafadhali rudia. Sema kwa sauti."

Inspekta alisimama wima, akarudia kwa sauti ya gwaride.