Chale za Kwapani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winnie alifagia uwanja, akachota maji bondeni, kisha akakaa na mama yake kumenya mihogo ya kuloweka. Pale Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, hakuna aliyemshinda Mama Winnie kwa kumenya mihogo. Lakini mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kuwa mzito, na kisu kikahamia kwa binti. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi, naye aliuficha mpaka ulipokataa kufichika. Hospitalini walikata kinyama kidogo, wakakipima, wakasema ni saratani. Akaandikiwa kwenda Mwanza apigwe picha za MRI kabla ya upasuaji.

Shangazi Nkunzimana, dada yake baba, ni mtu wa huruma nyingi na subira kidogo. Hakungoja safari. Alimpeleka wifi yake kwa mganga mmoja upande wa Titye, na Winnie ndiye aliyeshika kibakuli cha dawa wakati mama akichanjwa chale kwapani kwa wembe na kusuguliwa unga mweusi. Kisha mganga akatoa miko: chuma kisiguse tena mahali pale, wala mtu asisimulie.

“Neno hili likitoka nje,” alisema akimkazia macho Winnie, “dawa itageuka, na mgonjwa hatapona.”

Winnie alikwenda Mwanza pamoja na mama na shangazi kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na mama alihitaji mkalimani. Wazazi wa mama walitoka Burundi, na yeye alikulia katika Kirundi. Kiswahili chake kilimtosha kununua chumvi sokoni, si kuzungumza na daktari. Shangazi alikijua zaidi kidogo, lakini mbele ya watu wenye makoti meupe kilimkimbia chote.

Siku ya kipimo, mama alilazwa kifudifudi, akaingizwa ndani ya mashine. Kupitia kioo Winnie aliziona nyayo zake tu. Mashine iligonga na kugonga, na mama alikatazwa hata kujikuna. Alipotoka alisema alijiona amezikwa angali hai. Winnie alimwelewa vizuri, maana tangu siku ile ya Titye naye alikuwa hivyohivyo.

Kesho yake Daktari Bazilio aliwaonyesha picha kwenye kompyuta.

“Hizi ni tezi limfu za kwapani,” alisema. “Zikivimba, watu huziita mitoki. Saratani ya titi ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia hapa. Za upande wa kulia zimevimba.”

Alieleza kwamba kama saratani ilikuwa imefika kwenye tezi, mpango wote ungebadilika: dawa kali zingetangulia, upasuaji ungengoja. Halafu akauliza kuhusu makovu madogo aliyoyaona kwapani.

Winnie akafasiri. Mama akamtazama shangazi, kisha akajibu kuwa alijikata akinyoa. Winnie akayarudisha maneno kwa Kiswahili kama alivyopewa. Uongo haukuwa wake, lakini ulipita mdomoni mwake, naye aliona aibu.

Daktari akasema basi ni lazima tezi zichomwe sindano ili ijulikane kilichomo. Hapo mama akashtuka. Sindano ni chuma.

“Oya,” alisema, yaani hapana. Shangazi naye akatikisa kichwa. Mama akamwagiza Winnie amwambie daktari kwamba wanashukuru, ila wanarudi Kasulu.

Winnie alikwama. Akisema kweli, mama atakufa kwa miko. Akinyamaza, mama atarudi nyumbani kufa kwa saratani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, lakini hakuona pa kutokea. Alimwogopa shangazi, alimwogopa mganga, na zaidi ya wote aliogopa kumpoteza mama.

“Daktari,” alisema, “mama hakujikata. Alichanjwa chale, zikapakwa dawa. Tumekatazwa kusema.”

Shangazi alielewa, akainama. Winnie akamgeukia mama, akamwambia kwa Kirundi, “Mama, nimeshasema. Miko imeshavunjika, na wewe bado unapumua. Kama neno lilikuwa la kukuua, si lingekuua sasa hivi?”

Mama alishika kifua chake, akangoja kidogo. Hakuna kilichotokea. Kisha akalia, akauweka mkono mezani mbele ya daktari, kuonyesha kwamba amekubali sindano.

Daktari Bazilio hakumkemea mtu. Alisema chale na ule unga vinaweza kabisa kuvimbisha tezi, na saratani vilevile. Picha huonyesha kwamba tezi imevimba. Kuijua sababu yake huenda kukahitaji sindano, na pia ukweli wa mgonjwa.

Majibu yalipotoka, kwenye tezi hakukuonekana saratani. Uvimbe ule ulitokana na chale. Kwapa lilitibiwa kwanza, kisha mama akafanyiwa upasuaji kama ilivyopangwa, na tezi chache zilizotolewa siku hiyo nazo zikakutwa safi.

Wodini, daktari alimwambia Winnie amfasirie mama yake msemo mmoja wa Kiswahili: mficha maradhi, kifo humuumbua.

“Kutumia dawa za mganga ukaninyamazia ni kunifunga macho kisha kuniomba nikuongoze njia,” aliongeza. “Hapo nitakukata penye uzima, nitaacha penye ugonjwa. Niambieni yote, hata yale ya aibu.”

Winnie akafasiri neno kwa neno. Shangazi aliitikia kwa sauti ndogo kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba hatamfunga tena mtoto kwa siri ya wakubwa.

Daktari akauliza kama kulikuwa na jambo jingine la kumweleza. Winnie alifungua mdomo afasiri, lakini mama akamgusa mkono.

“Mwana wanje, wacha,” alisema, yaani mwanangu, akamgeukia daktari. “Mimi nasema mwenyewe. Dawa ingine ya mganga iko kwa mfuko yangu. Chukua.”