Bembea ya Uani

Rafiki yangu Ubwa, seremala wa Tunguu, si mtu wa uzushi. Anakaa peke yake. Aliwaundia wajukuu zake bembea ya mbao uani, waje kuichezea Sikukuu. Alipomaliza kuipiga msasa, binti yake akapiga simu kutoka Maskati: "Baba, mwaka huu hatuji tena."

Akabaki kaketi ukumbini, simu mkononi. Magharibi ikaingia, umeme ukakatika. Gizani akasikia bembea inalia, inakwenda na kurudi, na upepo hakuna. Kwa mazoea ya kulea, ulimi ukamtangulia: "Magharibi yote hii bado mnacheza? Osheni miguu, muingie ndani!"

Bembea ikasimama.

Kisha, pale mlangoni, kopo likagonga ndoo, na maji yakaanza kumwagika.