Bahasha Iliyoandikwa AMEHAMA

"Skola ni nani?"

Mugeta aligeuka kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Debora, mchumba wake, alikuwa amesimama katikati ya steshenari ya mwanaume huyo pale mtaani Nyasho, kaishika simu yake kwa hasira. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Nipe simu yangu, Debo."

"Subiri nikusomee. 'Mzee anauliza jibu utaleta lini. Naona Debora bado hujamwambia.' Niambiwe nini, Mugeta? Kwamba umeshajitambulisha ukweni kwingine?"

"Ni mambo ya barua tu."

Barua! Kila kitu kwa mwanaume huyu kilikuwa barua. Alikusanya barua za wakati wa Vita vya Kagera ambazo hazikuwafikia wenyewe. Kifurushi kizima alikinunua kwa fundi seremala wa Bunda, aliyekikuta ndani ya kabati bovu, na tangu hapo akawa anachungulia mihuri ya posta kwa kioo cha kukuzia: barua ilitoka lini, ilipita wapi, ilikwamia wapi. Zamani Debora alimpendea hilo. Sasa alimwona tapeli mwenye kisingizio kizuri.

"Jumamosi uliniaga unaenda Bunda. Fredi wa bodaboda kasema alikushusha kijijini Buswahili, kwa mwanamke. Ukala mpaka ugali!"

"Skola ni binti wa mzee Nyamhanga, mwanajeshi mstaafu. Ana mume na watoto wanne."

"Sasa ulikuwa unanificha nini?"

Mugeta akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Hilo lilimuuma Debora kuliko ile meseji. Akazunguka kaunta, akavuta droo, akapekua. Chini ya karatasi akakuta bahasha moja, haijafunguliwa, nyuma ina jina la mtumaji: Nyamhanga.

Ilikuwa imeandikiwa Gaudensia, kwa sanduku la posta la shule ya Kiriba. Juu ya anwani, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika neno moja: AMEHAMA.

Debora aliisoma mara mbili. Gaudensia alikuwa bibi yake, na hajawahi kuhama Kiriba tangu azaliwe. Mwandiko nao aliujua. Babu Elias, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwandikia jina kwenye madaftari yake yote ya shule. Enzi zake alikuwa mwalimu hapo Kiriba, na barua za kijiji kizima zilipitia mikononi mwake.

"Niliuona mwandiko huohuo nyuma ya picha ya ndoa kwa bibi yako," Mugeta alisema taratibu. "Babu yako alirudisha barua ya mzee Nyamhanga kutoka vitani, halafu akamwoa mchumba wa mzee huyo. Ningeanzaje kukwambia, harusi yenyewe ndiyo hii?"

"Na huyo mzee anataka jibu gani?"

"Tangu nimwonyeshe hiyo bahasha Jumamosi, anauliza kitu kimoja tu. Gaudensia alihamia wapi?"

Debora alifuta machozi kwa kiganja. "Twende Kiriba sasa hivi. Nimechoka kufichwa."

Walimkuta bibi uani, anasafisha samaki aina ya furu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Mbona mmenuna hivyo?"

Debora akamwekea bahasha mapajani. "Babu alikudanganya, bibi. Aliirudisha barua yako kwa aliyeituma."

Bibi Gaudensia alifuta mikono kwenye kanga, akaigeuza ile bahasha.

"Hakunidanganya. Mimi ndiye nilimwambia aandike hivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake."

"Bibi!"

"Nilishampenda mwalimu. Sasa mtu yuko vitani, nimwandikie kwamba nimemwacha? Tulikuwaga tunasikia habari za kule, usiku hulali. Nikasema akiipata hiyo habari hatajijali tena, atakufa. Elias alikataa kabisa. Nikamwambia andika, dhambi nitabeba mimi. Nilijua akiambiwa nimehama atapoa polepole."

Mugeta aliinama karibu na bahasha. "Bibi, hakuambiwa. Ona, muhuri wa kwenda, Februari sabini na tisa. Muhuri wa kurudi, Bunda, Aprili. Baada ya hapo hakuna mwingine. Iliishia kabatini. Yeye alipata kimya tu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Anasema alijua umemdharau, ndiyo maana hakuja huku tena."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. Debora hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika babu. Alimgeukia Mugeta.

"Na wewe ulitaka kunifanyia hivihivi. Kuninyamazia."

"Niliogopa kukupoteza."

"Nipigieni huyo mtu," bibi alisema ghafla.

Debora akapiga kwa simu ya Mugeta. Skola alipokea, akampa baba yake.

"Nyamhanga? Ni Gaudensia wa Kiriba." Alisogeza simu karibu na mdomo. "Sikuhama. Nilikuwepo hapahapa. Nilikuacha, nikaogopa kukwambia."

Debora akabonyeza spika ya simu. Kisha sauti ya mzee ikasikika, imechoka lakini haina hasira.

"Ungeniambia tu, Gaude. Ningelia, nikamaliza."

Debora alimtazama Mugeta.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi harusi ipo," alisema, akamrudishia simu yake. "Na mzee Nyamhanga kadi yake umpelekee mwenyewe, mkononi."