Mto Uliochukua Joto la Wahu

Aliyesimulia kisa hiki kwa mara ya kwanza ni Nyawira mwenyewe, alasiri ya Jumapili, tarehe 18 Agosti 2019, jikoni kwa dada yake Wacuka mjini Kitengela. Alikisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama, ameegemea sinki. Tangu siku hiyo amekirudia mara mbili tu, na hakuna tarehe wala nambari iliyobadilika.

Julai ya mwaka huo ilikuwa ya baridi kama Julai nyingine za Kitengela. Ukungu ulishuka alfajiri na kukaa hadi saa nne. Jua lilichungulia kidogo mchana, likajificha. Watu walitembea wamejifunga shuka juu ya jaketi, na mwenye jiko la makaa hakukosa wageni.

Nyawira na mumewe Mburu walikuwa na ekari mbili kando ya mto, ng'ambo ya barabara ya kwenda Isinya, shamba walilouziwa na ukoo wa Tajeu. Mburu alilima nyanya na spinachi. Mama yake, ambaye nyumbani aliitwa Cucu tu, yaani bibi kwa Kikuyu, aliishi nao. Mtoto wao alikuwa mmoja, msichana wa miaka mitano, na kwa kuwa ndiye wa kwanza alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, kama Wakikuyu wanavyofanya. Basi nyumbani mlikuwa na Wahu wawili, na yule mkubwa alipenda kumwita yule mdogo "mimi".

Nyawira alikuwa na kazi ndogo aliyoipenda. Chama cha watumiaji maji kilimpa kitabu na kipimajoto cha kioo, na kila siku saa tatu asubuhi alishuka mtoni kusoma kina kwenye nguzo ya chuma, kuzamisha kipimajoto, kuhesabu hadi mia na ishirini, kisha kuandika joto la maji, joto la hewa na hali ya anga. Julai maji huwa kumi na nne au kumi na tano, hewa kumi au kumi na moja. Kwa miaka mitatu hakuacha hata siku moja wazi kitabuni.

Jumatatu tarehe 8 Wahu aliamka na homa. Nyawira alimpima kwa kipimajoto cha plastiki cha nyumbani, kinacholia mara tatu kikimaliza: 39.2. Alimpa dawa, akamwacha kwa Cucu, akateremka mtoni haraka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kipimajoto cha kioo kikamponyoka, kikavunjika kwenye jiwe.

Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na kile cha mtoto, bado kina joto la kwapa. Alikizamisha.

Kilipolia mara tatu, kilionyesha herufi mbili tu: Lo. Ndivyo chombo hicho kinavyosema kwamba joto liko chini ya thelathini na mbili na hakiwezi kulisoma. Nyawira alijicheka. Angefanyaje? Aliandika 14.5, kama jana yake. Alijiambia kwamba angalau alizamisha kitu.

Alipofika nyumbani, Wahu alikuwa ameketi anadai chai. Homa ilikuwa imekwisha. Cucu akasema Mungu ni mwema.

Kipimajoto kipya cha chama kilichelewa kuletwa. Kwa hiyo kila asubuhi Nyawira alimpima mtoto, kuhakikisha homa haijarudi, kisha akashuka mtoni na chombo kilekile, kwa sababu dhamiri haikumruhusu kuandika nambari bila kuingiza kitu majini. Na ili asichanganye nambari mbili kichwani, alizitamka kwa sauti alipokuwa ameinama. "Wahu, thelathini na sita nukta tisa. Mto, kumi na nne nukta tano." Kesho yake: "Wahu, thelathini na sita nukta moja." Alhamisi: thelathini na tano. Ijumaa: thelathini na tatu nukta nane.

Mburu alisema ni betri. Alinunua betri. Nyawira alimpeleka mtoto kliniki, na muuguzi, Jackie, ambaye husali nao, akajaribu kipimo chake mara mbili, akakitikisa.

"Hii baridi imeharibu hata mashine," alisema. "Si unaona anacheka? Mfunike, umpatie uji."

Ni kweli Wahu alicheka. Lakini alilala sana. Jumamosi walimwamsha kwa dakika tano. Jumapili kwa kumi na tano. Paka, aliyekuwa akilala miguuni pake tangu msimu wa baridi uanze, alihamia kwenye gunia jikoni. Walimrudisha kitandani. Akaruka chini kama aliyemwagiwa maji.

Jumatatu tarehe 15, mtoto alipopimwa, kipimajoto kilionyesha Lo.

Nyawira alisimama nacho mkononi. Akajiambia kimeharibika. Akashuka mtoni upesi, ili maji yamthibitishie.

Ukungu ulikuwa mzito hata nguzo haikuonekana. Aliinama, akazamisha, akangoja. Kikalia mara tatu.

32.7.

Kwa siku saba alikuwa ameandika 14.5 bila kugusa maji. Sasa aliyagusa. Yalikuwa vuguvugu. Si kama maji ya chemchemi ya moto, wala maji yaliyopigwa na jua. Yalikuwa kama mkono ulioshika mkono.

"Takwenya, Mama Wahu."

Aliruka. Alikuwa Naeku, jirani yao Mmaasai wa ukoo wa Tajeu, mama wa makamo aliyewauzia maziwa. Ng'ombe wake kumi na wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, vichwa vimeinuliwa, hakuna anayekunywa.

"Iko," Nyawira aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai kwa shida.

"Hawa ng'ombe wangu tangu juzi wanakataa hapa. Nimesema labda mmefungua bafu ya moto. Si mngetuambia tukuje na sabuni?"

"Naeku, shika maji."

Naeku alishika. Mzaha ukamtoka usoni. Aliufuta mkono kwenye shuka, akaendelea kuufuta hata baada ya kukauka.

"Hiyo kitu uko nayo, imetoka wapi?"

"Ni themometa. Ya mtoto."

"Ya wapi kwa mtoto?"

"Kwapa."

Naeku alimsogelea, akanong'ona. "Kwetu, kitu ya mgonjwa haingii mtoni. Hata kibuyu yake tunaosha kwa boma, maji tunamwaga kwa mchanga. Mama ya mume wangu alikuwa mkali sana kwa hiyo maneno. Alisema mto ukionjeshwa mtu, unaendelea kukunywa."

"Unaacha lini?"

"Alisema hauachi. Unamaliza."

Jerikeni iligonga jiwe nyuma yao. Cucu alikuwa amesimama pale, amekuja kuteka maji ya kufulia. Hawakujua amesikia kiasi gani.

"Mto unamjua mtu kwa kitu gani?" Cucu aliuliza, kama anayeuliza bei ya maziwa. "Kwa sura?"

"Mto utaona sura wapi, shosho?" Naeku alimjibu yule bibi. " Ni kwa kuitwa. Kuna mtu amemwita mtoto hapa?"

Nyawira aliweka mkono mdomoni.

Alipopanda mbio kurudi nyumbani hakukumbuka kitabu wala kipimajoto. Walimwamsha Wahu kwa nusu saa na hakuamka sawasawa. Mburu aliazima gari, wakampeleka hospitali kubwa huko Kajiado, Cucu akabaki kutunza nyumba.

Pale walikuwa na vipimo vinavyosoma chini zaidi. Madaktari walimfunika kwa blanketi nne, wakamwekea hita, wakamtundikia maji yaliyopashwa joto. Jumanne alikuwa 30.1. Moyo ulipiga mara arobaini kwa dakika. Damu yake haikuwa na tatizo lolote. Jumatano alikuwa 28.4. Mzazi wa kitanda cha pili alimvuta mwanawe upande wa pili wa godoro, pole pole, ili asionekane.

Jioni hiyo daktari, kijana mpole, aliketi mbele yao.

"Mama, tunampasha joto na linapotea. Sijui linaenda wapi. Usiku wa leo ukipita tutashukuru."

Nyawira alijua linaenda wapi. Hakumwambia mtu. Usiku mzima alikuwa na wazo moja: yeye ndiye aliyelipeleka, yeye ndiye atakayelipa kwa lake. Angekiweka kipimajoto kwapani mwake, angekizamisha, angeita jina lake mwenyewe. Mto ukinywa, unywe mama.

Alhamisi tarehe 18 aliondoka Kajiado alfajiri. Saa mbili na robo alikuwa nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Aproni ilining'inia msumarini, mfuko mtupu. Akakumbuka kwamba kipimajoto alikiacha mtoni. Akateremka.

Ukungu haukuonyesha hatua tatu mbele. Alisikia maji. Kisha akasikia kitu kingine.

Kililia mara tatu. Kikanyamaza.

Alisimama.

Kililia tena mara tatu.

Alikimbia.

Cucu alikuwa ameketi juu ya jiwe, sketi imekunjwa hadi magotini, miguu yote majini. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimepangwa kando, soksi ndani. Alikuwa na kipimajoto kwapani, chini ya sweta.

"Cucu! Toka hapo!"

"Usinipigie kelele. Ikilia mara tatu ndiyo naitoa, si ndiyo?"

"Cucu, ni mimi nilikuwa nije. Ni mimi nilikosa."

"Wewe?" Mama mkwe alicheka kidogo. Meno yake yaligongana. "Wewe unaitwa Nyawira. Huu mto unatafuta Wahu. Na mimi naitwa nani?"

Kipimajoto kililia. Alikitoa, akakizamisha, akainama karibu sana na maji. Alisema kwa sauti ya kawaida, ileile aliyotumia kuitikia jina lake kwenye mkutano wa akina mama.

"Wahu. Huyu ndiye Wahu mwenyewe. Yule mwingine bado hajakuwa mtu. Mwachilie."

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya saba. Wewe ulipeleka saba, si ndiyo? Nilihesabu kwa kitabu chako."

Nyawira alimshika mkono ili amvute. Akauachia. Ulikuwa baridi kuliko nguzo ya chuma. Baridi kuliko hewa. Na kutoka kwenye maji, kuzunguka ile miguu miwili, mvuke ulikuwa ukipanda kama wa sufuria.

Simu ikalia. Alikuwa Mburu. Alikuwa akilia, na maneno yakachelewa kueleweka.

"Ameamka! Nyawira, ameamka, anaitisha chapati! Imepanda yenyewe, dakika kumi tu, daktari ameita wenzake. Thelathini na sita nukta nane! Uko wapi? Cucu yuko hapo? Mwambie!"

Cucu alikuwa amesikia. Alikuwa tayari anavaa soksi.

"Mwambie asimpe chapati baridi," alisema.

Alipanda mlima peke yake, akakataa kushikwa. Nyuma yao ng'ombe wa Naeku walishuka mtoni kimya kimya, wakalizunguka lile jiwe kwa mbali, wakanywa upande wa juu. Nyumbani Nyawira alimmiminia chai iliyokuwa ikichemka bado. Cucu aliinywa kikombe kizima bila kupuliza, akaomba kingine, akauliza kama jiko limezimika.

Kitabu cha mto kina ingizo la siku hiyo kwa mwandiko wa Nyawira: maji 36.5, hewa 9 kwa kukisia, ukungu. Afisa wa chama aliyekuja kukichukua alilizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba ni kosa. Wiki iliyofuata alikuja na kipimajoto kipya cha kioo, akazamisha mwenyewe mara nne, na neno kosa hakuliandika tena. Mwaka uliofuata nguzo iling'olewa, ikapelekwa mbali upande wa juu. Sababu haikuandikwa.

Naeku alifariki Machi 2022 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa kwao. Nyawira yu hai, na Mburu pia, na bado wanalima palepale. Jackie alihamia Bisil, ana kliniki yake. Wahu mdogo yu hai, mwenye afya, ana urefu wa kumfikia mama yake begani, na hakumbuki chochote.

Cucu Wahu yu hai. Ana miaka themanini na mitatu. Anakula vizuri, anasikia vizuri, anawakumbuka marehemu wote kwa majina na miaka. Kadi yake ya kliniki ina nafasi ya joto la mwili, na kila muuguzi aliyewahi kumpima ameiacha wazi. Hulala chini ya shuka moja. Julai hukaa kiti cha mbele kanisani, kwenye ibada ya saa moja asubuhi, wakati waimbaji wote hutoa moshi mdomoni kwa baridi. Yeye huimba kwa sauti kuliko wote. Mbele ya mdomo wake hakuna kitu.